Nyama ya Mbega, Sima ya Kimweri

Mtalii anayepanda basi kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha huiona Korogwe dirishani. Atanunua machungwa, atakula chipsi mbili tatu, honi inalia, basi linaondoka. Kang'ata, huko ndani Handeni, hata jina halijui. Wapo wanaosema dawa ni mahoteli na vibao vya rangi. Mimi nasema, vijana wenzangu, tuiulize historia kwanza: wageni waliowahi kula upande huu wa Tanga walikumbukia nini?

Mgeni anayesimuliwa kuliko wote ni Mbega. Alikuwa mwindaji wa Nguu, milima iliyokuwa Handeni mpaka wilaya ya Kilindi ilipomegwa mwaka 2002. Katika karne ya 18 aligombana na ndugu zake, akakimbia na mbwa wake na mikuki, akaingia Usambara. Huko nguruwe mwitu walikuwa wakimaliza mashamba. Mbega akawaua, nyama akawagawia wenyeji. Wenyeji nao wakamletea vyakula vya shamba. Huyu ana kitoweo, yule ana unga. Kwani soko ni nini zaidi ya hapo? Abdallah bin Hemedi aliiandika hadithi hiyo katika Habari za Wakilindi, na mwisho wake si mchezo: mgeni akafanywa mfalme.

Februari 1857 wakaja Waingereza wawili, Burton na Speke. Walitoka Pangani, wakaufuata mto, wakapanda hadi Vuga kwa mfalme Kimweri, wa ukoo huo huo wa Mbega. Kitabu cha Burton kuhusu safari za Zanzibar na pwani kilitoka mwaka 1872, miaka 15 baadaye, na ndani yake mlo wa Vuga bado upo: ng'ombe mnono, kapu la sima ya mahindi, na ndizi mbichi zilizopondwa kwa maziwa ya mgando. Miaka 15, bwana! Pengine wewe chakula cha juzi umeshakisahau. Yeye alikumbuka kwa sababu kilikuwa chakula cha wenyewe, na kilitoka mkononi mwa mwenyeji mwenye heshima zake.

Lakini, ndugu msomaji, chakula hakikumbukwi kwa utamu tu. Katika miaka ya 1830 ukame uliwapiga Wazigua, wakashuka pwani kutafuta cha kula. Wajukuu wao husimulia kwamba walidanganywa kazi na chakula, wakajikuta majahazini, watumwa, hadi Somalia. Wengi walitoroka wakaingia misitu ya Mto Juba, wakaishi huko vizazi na vizazi, na Kizigua hawakukiacha. Vita vya Somalia vilipowaka mwaka 1991, baadhi yao walikimbilia Tanzania. Walipokewa Handeni, kwanza kambi ya Mkuyu, na kuanzia mwaka 2003 makazi ya Chogo. Fikiria mtu anaingia gulioni, nchi aliyoisikia kwa bibi tu, anauliza bei ya mahindi kwa Kizigua, na muuzaji anamjibu kwa Kizigua! Hoteli gani itakuuzia hilo?

Ndipo naona siri ilipo. Mgeni hakumbuki bidhaa; hukumbuka alivyopokewa na alichopeana na wenyeji. Mbega alitoa nyama, Burton alipewa ng'ombe, mtu wa Juba alirudishiwa lugha. Anayesimama pembeni na kamera yake, akapita, hana cha kusimulia. Mkalishe kwenye mkeka, mpe bada la muhogo na mchunga, uchungu wake umkunje uso, mama muuzaji amcheke kidogo, kisha amweleze mboga ile inachumwa wapi. Huyo atasimulia mpaka uzeeni.

Tatizo ni sisi. Kijana wa mjini akiona bada anaona haya, anaagiza chipsi. Akiulizwa habari za Mbega, anakuna kichwa. Mwenyeji asiyekijua chakula chake atampa mgeni nini, kama si kile ambacho mgeni amekiacha kwao? Na nyinyi mnaotaka kuandika riwaya, msitafute visa mbali. Nendeni gulioni, kaeni karibu na wauza muhogo, sikilizeni. Burton alikuja toka Uingereza akaiandika sima yetu. Sisi tuko hapa hapa, kalamu tunazo.