Mkondo wa Dohani

Ukiingia chumba cha boila katika kiwanda cha chai, iwe Litein upande wa Kericho au Kapkoros upande wa Bomet, utasikia wachochea moto wakiitaja "drafti". Drafti ikiwa nzuri, mvuke unapanda. Drafti ikiwa mbaya, moshi unawarudia usoni. Kitu chenyewe ni mwendo wa hewa: inaingia chini ya moto, inapita katikati ya kuni, inachukua joto na moshi, kisha inapanda dohani mpaka nje. Kila chombo chenye dohani kinachochoma kuni, makaa au mafuta ili kupasha nyumba joto kinategemea mwendo huo, hata kama mwenye nyumba hajawahi kuutaja kwa jina.

Jina la Kiswahili linahitajika, na si kwa ajili ya kamusi tu. Neno la Kiingereza lililozaa drafti lina maana nyingi, mojawapo ikiwa andiko la kwanza la barua au sheria. Mtafsiri asiyeujua moto huishia kuandika "rasimu ya hewa", na mwenye jiko akisoma hivyo hapati la kushika. Wengine husema "mvuto", kwa kuwa dohani inaonekana kuvuta moshi. Neno hilo lina haki fulani, maana ndivyo macho yanavyoona. Hata hivyo linatupotosha mara mbili. Kwanza, hakuna kinachovuta. Hewa ya moto ndani ya dohani ni nyepesi, hewa baridi ya nje ni nzito. Ile nzito inajisukuma kuingia kwa chini na kuisogeza ile nyepesi juu. Pili, boila kubwa zina feni inayosukuma hewa chini ya moto, na nyingine inayonyonya moshi upande wa dohani. Ukishika "mvuto", feni ya kwanza utalazimika kuiita feni ya "mvuto wa kusukuma", na sentensi itakuwa imejipinga yenyewe.

Mimi nachagua "mkondo". Kiswahili kimekwisha kulizoea neno hili kwa maji, kwa bahari na kwa umeme. Linachukua nyongeza bila kuvunjika: mkondo wa asili, mkondo wa kusukumwa, mkondo wa kunyonywa, mkondo uliogeuka. Zaidi ya hayo, linamfundisha fundi jinsi ya kutafuta hitilafu. Mfereji wa maji ukikauka hukai ukiutazama mdomo wake. Unaufuata kutoka chanzo hadi mwisho ukitafuta palipoziba au palipotoboka. Jiko linalofukiza moshi linatafutwa vivyo hivyo.

Nguvu ya mkondo huu ni ndogo kuliko watu wanavyodhani. Chukua dohani ya mita 5 kwenye nyumba ya mbao karibu na mji wa Kericho, ambao uko kwenye mwinuko wa takribani mita 2,000. Ni usiku, nje ni nyuzi 12 za Selsiasi, na moshi ndani ya dohani una wastani wa nyuzi 150. Tofauti ya shinikizo inayouendesha mkondo wote huo ni kama paskali 15, kiasi cha kuinua maji milimita moja na nusu tu. Dohani ya urefu huohuo pale Mombasa, kukiwa na nyuzi 30 nje, ingepata paskali 16 hivi. Mwinuko wa Kericho unapunguza uzito wa hewa, lakini baridi yake inarudisha karibu chote kilichopunguzwa. Kisichorudi ni oksijeni: lita moja ya hewa ya Kericho ina oksijeni pungufu kwa karibu moja ya sita kuliko lita ya Mombasa. Moto wa huku juu unahitaji hewa nyingi zaidi kwa kuni zilezile, kwa hiyo tundu la hewa linalotosha pwani linaweza kuwa finyu Bomet.

Kwa nguvu ndogo kiasi hicho, kila kizuizi kina uzito. Kiota cha ndege kinatosha. Kona mbili za bomba zilizokatwa mraba zinatosha. Masizi ya milimita 3 kwenye kuta za bomba jembamba ni dalili kwamba siku ya kusafisha imefika, na si kwa sababu ya njia kuwa nyembamba peke yake. Masizi yaliyochanganyika na utomvu mweusi wa moshi huweza kuwaka yenyewe, na bomba la bati likishika moto wa ndani, dari ya mbao haina muda mrefu.

Nilimtazama fundi mmoja akikagua jiko la kuni katika nyumba ya ghorofa moja nje ya Kapkatet. Nyumba ilikuwa imefanyiwa ukarabati: madirisha mapya ya chuma na vioo, dari mpya, mlango mpya. Tangu hapo jiko lilikuwa likijaza moshi sebuleni kila jioni. Hakugusa dohani kwanza. Aliwasha kijiti, akakizima ili kibaki kikifuka, akakishikilia mbele ya mlango wa jiko lililokuwa limepoa. Moshi wa kijiti ulisimama, ukayumba, kisha ukamjia yeye kifuani. Akamwomba mwenye nyumba afungue dirisha kidogo.

"Na baridi hii, mwanangu?"

"Vidole viwili tu, mama. Lile la upande wa upepo."

Dirisha lilipofunguka, ule uzi wa moshi ulipinda polepole ukaingia ndani ya jiko, kisha ukanyooka. Jiko halikuwa na ugonjwa wowote. Nyumba ndiyo iliyokuwa imezibwa, na mkondo ulikosa chanzo. Baadaye alipitisha bomba la plastiki ukutani kuleta hewa ya nje karibu na sehemu ya majivu, akafunika mdomo wake wa nje kwa wavu wa kuzuia panya. Kwa kazi yake nzima, jaribio la kijiti ndilo ningependa kila mwenye jiko alijue. Halihitaji chombo cha kununua, na linaonyesha mwelekeo wa mkondo kabla moto haujawashwa.

Jiko likifuka wakati wa kuwasha tu kisha likatulia, tatizo ni dohani baridi. Hewa nzito ya usiku imekaa ndani yake na inakataa kupanda. Choma gazeti moja lililokunjwa karibu na mdomo wa bomba kabla ya kuwasha kuni, na mkondo utaanza. Likifuka upepo unapovuma kutoka upande mmoja, tazama kichwa cha dohani. Kinapaswa kupita kilele cha paa kwa sentimita 60 au zaidi. Kikiwa chini ya hapo, upepo unaovuka paa unaushukia na kuugeuza mkondo. Kofia ya bati inasaidia, mradi isikae chini mno hata ikawa yenyewe ndiyo kizibo. Likiwaka kwa hasira na kumaliza kuni upesi, hewa inaingia mahali usipotaka: bana ukanda wa karatasi kwenye mlango wa jiko, ufunge, uuvute. Ukitoka bila kukwama, kamba ya kuziba mlango imekwisha. Majivu nayo yaondolewe kabla hayajagusa wavu wa chuma unaobeba kuni, kwa sababu hewa inayoingia chini haina njia nyingine.

Kuni ni habari ndefu zaidi, hasa katika nchi ambako mvua haina msimu wa kuaga. Mkaratusi uliokatwa leo unaweza kuwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Kila kilo ya maji inakula zaidi ya megajuli 2 za joto kabla haijawa mvuke, na joto hilo linatoka kwenye moto wako. Matokeo yake ni moshi uliopoa, mkondo uliopungua, na utomvu unaoganda ndani ya bomba. Mtu analaumu jiko wakati tatizo liko kwenye kuni. Pasua kuni kabla ya kuzipanga, kwa sababu maji hutoka kwenye uso uliopasuliwa kwa urahisi kuliko kupitia gome. Zipange juu ya vigogo ili zisiguse ardhi, chini ya mabati yenye pande zilizo wazi, na uzipe miezi, si wiki. Ukigonganisha vipande viwili vilivyokauka vinatoa sauti kali. Vibichi vinatoa sauti ya kufa. Wanaofunika rundo zima kwa turubai hadi chini wana nia njema, ila wanayafungia maji humo humo.

Viwanda vinalijua jambo hili kwa hesabu. Jani bichi linalofika kiwandani lina maji zaidi ya robo tatu ya uzito wake, na chai iliyokamilika hubaki na kama asilimia 3. Maji hayo huondolewa kwa joto la kuni, mengine wakati wa kunyausha, yaliyobaki kwenye kikausho. Ndiyo maana viwanda vinavyosimamiwa na KTDA, shirika lililoanzishwa 1964, vina mashamba na marundo ya mikaratusi. Kuni mbichi huko ni hasara inayoonekana kwenye malipo ya mkulima. Mchochea moto mzoefu anausoma mkondo kwenye kilele cha dohani. Moshi mweusi unamwambia hewa haitoshi au kuni zimeingizwa nyingi kwa pupa. Moshi mweupe mzito ni mvuke wa kuni zenye maji. Akiona hewa inayotetemeka tu juu ya dohani, bila rangi, anaiacha boila ifanye kazi.

Kwenye tanuri za zamani zinazopasha hewa moja kwa moja bila mvuke kuna hitilafu nyingine, na ni ya siri. Hewa ya kukaushia chai na moshi wa kuni hutenganishwa na kuta za mabomba tu. Ufa ukitokea, na shinikizo la upande wa chai likiwa dogo kuliko la upande wa moshi, mikondo miwili inakutana. Hakuna anayeona kitu kiwandani. Harufu inagunduliwa na mwonja chai, na chai yenye harufu ya moshi haiwezi kudai bei nzuri katika mnada wa Mombasa, ambao ulihamishiwa huko kutoka Nairobi mwaka 1969.

Istilahi nzuri inatuonyesha pia mahali ambapo kitu chenyewe hakipo. Jiko la makaa, hata lile la kisasa lenye kikombe cha udongo lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, halina dohani. Linapika vizuri na linaokoa makaa. Likiingizwa chumbani mwezi wa Julai, mlango ukafungwa na nguo zikajazwa kwenye mwanya wa chini, halina mkondo wowote wa kwenda nje. Kinachotoka kwenye makaa kinabaki na waliolala. Watu wengi husubiri makaa yaishe moshi na kuwa mekundu ndipo wayaingize, wakiamini hatari imekwisha. Moshi ndio ulioisha. Kaboni monoksidi haina rangi wala harufu, na makaa mekundu yanayowaka polepole, yakiwa na hewa haba, huitoa kwa wingi. Ndani ya damu inashikamana na hemoglobini kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kila msimu wa baridi, kati ya Juni na Agosti, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya huonya kuhusu majiko haya, na kila msimu kuna familia ambazo onyo haliwafikii.

Hapa hakuna cha kurekebisha kwenye jiko lenyewe. Likae jikoni au nje, na chumba cha kulala kipashwe joto kwa blanketi, kwa chupa ya maji moto, au kwa jiko lenye dohani iliyokaguliwa. King'ora kidogo cha kaboni monoksidi kinafaa hata kwenye nyumba yenye dohani, kwa sababu mkondo unaweza kugeuka usiku watu wakiwa wamelala.

Kichwa kikiuma ghafla, mtu akilegea au kutapika na wenzake wa chumba kimoja wakajisikia vivyo hivyo, wote watoke nje mara moja. Jiko na madirisha yashughulikiwe baada ya watu kutoka. Kisha waende hospitali wakapewe oksijeni, na wanaompeleka mgonjwa waseme mlangoni, kabla hawajaulizwa, kwamba alilala na jiko la makaa chumbani. Kile kifaa kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha hemoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksidi. Kinaweza kuonyesha asilimia 98 kwa mtu anayekufa.