Mishale Mizito ya Ujiji

Katika kitabu chake cha safari kilichochapishwa London mwaka 1860, Bwana Richard Burton alieleza silaha za watu wa Ujiji kwa maneno machache sana. Alitaja shoka ndogo za vita, visu na mikuki, kisha akasema ya kuwa walikuwa na pinde kubwa zirushazo mishale iliyo mizito kupita kawaida. Baada ya hayo akaendelea na habari nyingine, na wasomaji wengi huendelea pamoja naye. Sisi tumesimama hapo. Burton alifika Ujiji pamoja na mwenzake Speke mwezi wa Februari 1858. Alikuwa amekwisha kupita nchi nyingi za watu wenye pinde, toka ukingo wa Bahari ya Hindi hata ziwani, na mishale aliiona mingi njiani. Mtu wa namna hiyo akisema ya kuwa mishale ya Wajiji ni mizito, neno lake lina maana. Basi kwa nini ilikuwa mizito?

Swali hili si la mchezo. Twawafundisha watoto ya kuwa Ujiji ndipo Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, tena twawapeleka kuutazama mnara uliopo pale. Ni vema. Lakini mtoto akiuliza babu zetu siku ile walikuwa na nini mikononi, twamjibu, "Mikuki na mishale," kana kwamba mishale yote ni mshale mmoja. Wengine huongeza ya kuwa mhunzi wa kale alifua kwa mazoea tu, kama babaye alivyofua, pasipo kufikiri. Hilo twalikataa, na chuma chenyewe ni shahidi wetu.

Kwanza tueleze maneno, maana vijana wengi hawayajui tena. Mshale una wano, ndio ule mti au unyasi wake. Nyuma kuna manyoya, na pahali pa kutia upote wa uta. Mbele kuna chembe, ambacho wengine hukiita kigumba. Mabishano ya wawindaji wa upinde, toka zamani hata leo, ni juu ya chembe. Na hasa ni juu ya pale chembe na wano vinapokutana. Je, vikazwe visiachane kamwe, au viachane mara mshale unapompata mnyama?

Chembe kilichokazwa hufuliwa kipana kama jani, chenye makali pande mbili. Mkia wake hutiwa ndani ya wano na kufungwa kwa kano za mnyama, ambazo zikikauka hubana kama pingu. Kazi yake ni kukata. Mnyama hufa kwa kutokwa na damu, na damu hiyo humwonyesha mwindaji njia. Lakini ili kifanye kazi hiyo sharti kiingie ndani sana, kifike mapafuni au moyoni, na kwa kuwa ni kipana, ngozi na nyama hukipinga. Mshale mwepesi huenda mbio hewani, lakini ukigusa mwili husimama upesi. Mshale mzito huondoka polepole kidogo, lakini ukisha kwenda hausimamishwi kwa urahisi. Basi atakaye chembe kipana kilichokazwa hana budi kutaka wano zito, na atakaye wano zito hana budi kutaka uta mkubwa wa kulirusha. Mambo hayo matatu hufuatana. Burton alitaja mawili, na la tatu laweza kusomwa ndani yake.

Namna ya pili ni ya chembe kiachacho wano. Habari zake nzuri kabisa zimo katika kitabu cha Livingstone juu ya Zambezi, kilichotoka mwaka 1865. Aeleza ya kuwa mishale ya sumu ya nchi zile ilikuwa vipande viwili. Chembe chenye miiba kilifungwa imara katika kijiti kifupi, chapata futi moja. Kijiti hicho kilichongwa nyuma kikatiwa ndani ya unyasi ulio wazi, bila kufungwa. Sumu ilipakwa karibu na chuma. Mnyama alipopigwa, unyasi ulianguka chini pale pale, au ulipukutika kwa kugusa vichaka, na chembe kikabaki ndani pamoja na sumu yake. Tuone akili iliyomo humo. Wano refu likishikamana na chembe, mnyama akimbiapo hulikokota miti ikalishika, na chembe chaweza kutolewa na matawi kabla sumu haijaingia damuni. Likianguka, matawi hayana la kushika. Mwindaji naye huliokota wano lake, akatia kijiti kingine, akaendelea. Wawindaji wa viboko wa Zambezi walitumia shauri lilo hilo katika maji: chuma chao kiliachana na mti mrefu, kikabaki mwilini kimefungwa kamba, maana mti ule ungevunjika mara moja kiboko alipopiga mbizi.

Sumu ile yenyewe ilikuja kuwa na habari ya ajabu. Katika safari hiyo alikuwamo Daktari John Kirk, ambaye mswaki wake ulikuwa umekaa pamoja na sumu ya mishale. Siku moja aliposafisha meno alionja uchungu, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Akatambua ya kuwa sumu ile yaukamata moyo. Profesa Fraser wa Edinburgh akaichunguza kwa miaka mingi, na kutoka kwa mmea ule ikapatikana dawa iliyowatibu wagonjwa wa moyo katika Ulaya. Kirk huyu ndiye aliyekuwa Unguja baadaye, akipeleka mizigo ya Livingstone Ujiji, mizigo ambayo Livingstone alipofika mwaka 1871 aliikuta imekwisha kuuzwa. Lakini hayo yatatupeleka mbali.

Wapo watu wasemao ya kuwa mshale wa sumu ni silaha ya mwoga, na kwamba mtu shujaa hutumia chuma kitupu. Sisi hatukubali. Watazame Wahadza wa Ziwa Eyasi, ambao mpaka leo wapo wawindao kwa upinde. Mtu mmoja, katika safari moja, huchukua mishale ya namna zote: ya mti mtupu iliyochongwa ncha kwa ndege na wanyama wadogo, ya chembe kipana kama jani, bila sumu, na ya chembe chenye miiba kilichopakwa sumu, kwa wanyama wakubwa kama twiga na pundamilia. Mtu huyo hawi shujaa asubuhi na mwoga jioni. Amtazama mnyama aliye mbele yake, kisha achagua. Wakamba nao huivingirisha sehemu yenye sumu kwa ngozi nyembamba isikauke, na huiondoa ngozi wakati wa kupiga tu. Kazi ya uangalifu wa namna hii haifanywi na mtu asiyefikiri. Waata wa Kenya waliunganisha yote mawili. Walipinda pinde ambazo mvuto wake ulizidi ratili 100, na juu ya nguvu hiyo wakaongeza sumu, maana waliwinda ndovu, na ndovu hatoshwi na jambo moja.

Kwa hiyo neno la haki ni hili: chembe kipana huua upesi kikifika mahali pake, na kikikosa mahali pake humwachia mnyama jeraha bure. Chembe cha sumu chasamehe kosa la shabaha, lakini chataka saa za kufuata nyayo, na kichwa kinachojua kusoma majani yaliyokanyagwa. Mtu mwenye watoto wasiokula tangu jana huhesabu yote hayo kabla ya kuvuta upote.

Sasa turudi Ujiji. Mishale mizito yataka chuma, na watu wa kando ya ziwa walikuwa nacho kwa njia zaidi ya moja. Upande wa kaskazini palikuwa na Uvira, ambako Burton alisikia ya kuwa bei ni nafuu, na ambako watu walikwenda kununua pembe, nafaka, nguo za magome na vyombo vya chuma. Pamoja na hayo, ole wetu, watumwa. Mashariki, kando ya Mto Malagarasi, palikuwa na chumvi ya Uvinza, bidhaa ambayo kila nchi iliitaka. Upande wa kusini walikuwapo Wafipa, mafundi ambao sisi twawahesabu kuwa wakuu katika kazi hii. Tanuu lao, waliloliita ilungu, lilijengwa kwa udongo, refu kupita mtu, lapata futi 10, wala halikuvuviwa kwa mivukuto. Lilivuta upepo lenyewe kwa matundu ya chini. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kikatiwa katika tanuu la pili, dogo, lenye mivukuto, ndipo kikafaa kufuliwa. Padre Wyckaert wa Mapadre Weupe aliyaandika hayo mwaka 1914, naye aliwaona mafundi wenyewe.

Mtu aliyefanya kazi ya namna hiyo hakutupa chuma ovyo. Chembe kipana chala chuma kingi. Chembe cha miiba chala kidogo. Wajiji walipochagua mshale mzito, walichagua kitu cha gharama. Sisi twaona sababu yake si uwindaji peke yake. Burton ataja mishale hiyo katika habari za silaha, na kwa habari ya Wajiji asema ya kuwa waliogopa bunduki na upanga, lakini hawakukataa kupigana. Katika miaka ile nchi za karibu na Ujiji zilijua hofu ya Watuta, kundi la Wangoni lililokwenda kaskazini baada ya Zwangendaba kufa Ufipa katika miaka ya 1840. Adui ajaye mbio na ngao na mkuki mfupi hangojei sumu ifanye kazi. Mtu mwenye sumu moyoni aweza bado kupiga hatua nyingi, na katika hatua hizo akaua. Mshale mzito wenye chembe kipana humsimamisha pale alipo. Hii ndiyo sababu tunayoiona kuwa kubwa, na kwa wanyama wakubwa wa bondeni kwa Malagarasi silaha ile ile ilifaa.

Wenzetu wa mbali walikutana na shauri hilo hilo. Waingereza wa zamani walikuwa na chembe kipana chenye mikia kama mbayuwayu kwa kuwinda na kwa farasi, na chembe chembamba kama msumari kwa mavazi ya chuma. Huko Marekani leo wapo watu wengi sana wawindao kwa upinde kwa kujifurahisha, nao wamegawanyika makundi mawili. Kundi moja latumia chembe kilichokazwa, kama cha wazee wetu. Kundi la pili latumia chembe cha kufunguka: makali yake hulala ubavuni hewani, na yakigusa mnyama hufunguka kama mabawa. Sababu yao ni ya kweli. Chembe kipana hushikwa na upepo, kikauongoza mshale kwa mbele wakati manyoya yanauongoza kwa nyuma, na hapo shabaha hupotea. Kikikunjwa, mshale waenda sawa. Lakini kufunguka kwenyewe kwala nguvu ya mshale, na kitu chenye viungo chaweza kukataa kufunguka saa inapotakiwa. Kwa hiyo wenye pinde zenye nguvu hukifurahia, na wenye pinde dhaifu huonywa wakae na kilichokazwa. Mhunzi wa Ufipa angalielewa mazungumzo hayo neno kwa neno.

Mwisho wa mishale hiyo ulikuja kwa mlango ambao watu hawakuuangalia. Husemwa ya kuwa bunduki ndiyo iliyoiua. Bunduki ilisaidia, lakini gobore lilitaka baruti, na baruti haikupatikana kila siku. Tena Mapatano ya Brussels ya mwaka 1890 yalizuia bunduki mpya zisiingie katika sehemu hii ya Afrika. Serikali ya Kijerumani ikatoa sheria ya uwindaji mwaka 1896, zikafuata nyingine, hata Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, ambayo hairuhusu kuwinda pasipo kibali, wala kuwinda kwa silaha yenye sumu. Hata hivyo twaona jembe la dukani lilifanya zaidi kuliko bunduki. Reli ilifika Kigoma mwaka 1914. Chuma cha Ulaya kiliposhuka kwa mabehewa, ni nani angekesha siku nyingi mbele ya ilungu? Matanuu yakapoa. Baada ya hapo aliyetaka mshale aligonga msumari. Wahadza wafanya hivyo hivyo mpaka leo, na kwa msumari mmoja chatoka chembe chema. Lakini kwa msumari mmoja hakitoki chembe cha mshale mzito wa Ujiji.

Msomaji akiwa na chembe cha kale nyumbani, au akimjua mzee aliyekihifadhi darini, asikisugue kwa mchanga kipate kung'aa. Akitazame mkia kwanza. Mkia mrefu ulio mnene, wenye alama za kufungwa kwa kano, na makali yasiyo na miiba, ni wa chembe kilichokazwa. Shingo nyembamba yenye miiba midogo iliyopinda ni ya chembe cha sumu, na hicho kisiguswe kwa mkono wenye jeraha, hata kikiwa cha zamani namna gani. Akipime urefu na upana, akipeleke dukani kipimwe uzito, kisha amwulize mzee kilifuliwa wapi, kwa chuma cha nani, na kwa mnyama gani. Barua za namna hiyo tutazipokea kwa furaha, hasa kutoka Uvinza, Kasulu, Karema na vijiji vya kusini mwa Kigoma.