Kupwelewa: Istilahi ya Pwani kwa Mwandishi Aliyekwama

Mwaka 1947 Edmund Bergler, mtaalamu wa nafsi mzaliwa wa Austria, aliipa jina la kitaalamu hali ya mwandishi kukaa mbele ya karatasi na maneno yakagoma kuja. Kwa Kiswahili tumezoea kusema "mkwamo wa mwandishi". Inaeleweka, lakini haituambii kilichomkwamisha. Gari hukwama topeni, faili hukwama ofisini, na tiba zake hazifanani.

Pwani tunalo neno linalotaja sababu. Maji yakipwa yakakiacha chombo kimelalia ubavu juu ya fungu, chombo hicho kimepwelewa. Mtu naye hupwelewa anapokosa la kufanya. Mahurunga, jirani na mlango wa mto Ruvuma, hakuna haja ya kumfafanulia mtu kupwa na kujaa. Chombo kilichopwelewa si kibovu, na shehena yake imo. Kilichopungua ni maji. Kwa hiyo napendekeza maana hii ya kitaaluma: kupwelewa ni kuishiwa maneno kwa muda katikati ya utunzi, ilhali kisa na nia ya kukisema vingalipo. Nomino yake iwe mpwelewo.

Istilahi hii inawafaa zaidi wanaotunga kitabu kwa mdomo, yaani kwa imla. Hapa pana tatizo jingine. Wengi wetu tulikutana na imla shuleni: mwalimu anasoma, mwanafunzi anaandika, kalamu nyekundu inasubiri makosa. Asili yake katika Kiarabu ni pana kuliko hivyo. Wanazuoni wa kale walitunga kwa kusema mbele ya wanafunzi walioandika, na vitabu vilivyozaliwa hivyo viliitwa amali. Afadhali basi tutenganishe imla ya darasani, ambayo maneno yake yamekwisha kupangwa, na imla ya utunzi, ambayo maneno yanatafutwa palepale. Mzee anayeingia katika ya pili na hofu ya ile ya kwanza atapwelewa kabla hajamaliza aya.

Tuseme ni mkulima wa Mahurunga anayetaka kuacha kitabu juu ya kilimo cha mpunga katika bonde la Ruvuma. Mjukuu ameshika daftari. Babu anakohoa, anakaa wima, anaanza: "Kijiji chetu ni miongoni mwa vijiji vinavyopatikana kusini mwa nchi yetu..." Kisha kimya. Sentensi hiyo ni ya risala, si yake, na haina pa kwenda. Mjukuu anauliza, "Babu, viboko walipokuwa wanaingia shambani usiku, nyie mlikuwa mnalala wapi?"

"Tulale! Tulikuwa dunguni."

"Dungu mlilijengaje?"

Sasa anaeleza nguzo zilichimbiwa wapi, nani alipiga debe, nani alisinzia zamu yake likaliwa jaruba zima. Mjukuu anaomba apunguze kasi. Hakuna aliyemfundisha mzee huyu mbinu yoyote ya uandishi; ameulizwa jambo analolijua na mtu anayetaka kulijua.

Mwandishi wa Kirusi Dostoyevsky naye alihitaji mtu. Oktoba 1866 alidaiwa riwaya nzima kabla ya Novemba 1, la sivyo mchapishaji angejipatia haki za vitabu vyake. Alimwajiri Anna Snitkina, binti wa miaka 20 aliyesomea hatimkato, akamtungia kwa mdomo riwaya ya mcheza kamari. Waliimaliza kwa siku 26.

Mombasa, miaka ya 1970, watafiti Sarah Mirza na Margaret Strobel walirekodi maisha ya wanawake watatu: Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhashamy. Kitabu kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1989, na toleo la Kiswahili mwaka 1991. Yale ni mahojiano, hivyo sitayaita imla ya utunzi. Lakini yanathibitisha jambo ninalolishikilia sana: simulizi ya Kiswahili hukua panapokuwa na mwitikiaji, yule wa kusema "ehe, ikawaje?"

Simu haisemi "ehe". Tangu Agosti 2017 Google inapokea imla ya Kiswahili, na kwa asiyeweza kushika kalamu hiyo ni nafuu kubwa. Hata hivyo, kuyaangalia maneno yakijipanga kwenye kioo huirudisha kalamu nyekundu ya darasani, maana jicho linakimbilia kosa na ulimi unasimama. Ifunike simu. Kabla ya kuanza, mwombe mtu akuandikie maswali machache anayotaka kujibiwa, uyaweke mbele yako. Ukipwelewa, tamka "pengo" kisha ruka hadi sehemu unayoijua vizuri, hata kama ni ya mwisho wa kitabu. Baadaye litafute neno hilo kwenye faili, ukae na mwitikiaji wako mjaze pengo mojamoja, na hapohapo msahihishe majina ya mahali kama Kitaya na Msimbati endapo simu imeyavuruga.