SUFU: SI DAWA, NI JOTO



Ndugu msomaji, kama ulifunga Ramadhani ya 2014 au ya 2015 ukiwa Nairobi, Limuru au Nyeri, bila shaka unakumbuka baridi ile. Mwezi ulituangukia Juni na Julai. Kuamka daku ulikuwa mtihani, na maji ya udhu yalikuwa kama yametoka kwenye friji. Nyumbani kwetu nyanya alikuwa na mambo yake. Kabla ya kutoka kwenda tarawehe, alikuwa akilifunga goti lake bovu kwa kipande cha shali ya sufu iliyokwisha chakaa. Sisi vijana tulikuwa tukimcheka.

"Nyanya, hiyo nayo ni dawa gani?"

"Si dawa, mjukuu wangu. Ni joto. Ngojeni na nyinyi mzeeke."

Tulicheka tukasahau. Lakini ukifuatilia historia ya sufu, utaona kuwa maneno mawili ya nyanya, "si dawa, ni joto", ndiyo waliyokosa kuyaelewa watu wengi wenye elimu kubwa.

SUFU KATIKA QUR'ANI NA SUNNA

Katika Suratun-Nahl, aya ya 5, Mwenyezi Mungu anatutajia neema ya wanyama wa mifugo, na jambo la kwanza analolitaja ni joto tunalolipata kwao, kabla hata ya chakula. Kisha katika aya ya 80 anataja vitu vitatu kwa majina yake: sufu, manyoya na nywele. Wafasiri wanatueleza kuwa sufu ni ya kondoo, manyoya ni ya ngamia, na nywele ni za mbuzi. Waarabu walivijua vyote vitatu kwa sababu jangwani mchana ni moto na usiku ni baridi ya kutetemesha.

Mtume wetu (s.a.w.) mwenyewe aliivaa sufu. Swahaba Mughira bin Shu'ba (r.a.) anasimulia kwamba walikuwa safarini, na Mtume alikuwa amevaa juba la sufu kutoka Sham. Mikono yake ilikuwa myembamba, hata alipotaka kutawadha haikukunjika, ikabidi aitoe mikono yake kwa chini ya juba. Hadithi hii iko katika Bukhari na Muslim, na wengi tunaijua kwa sababu ya suala la kupangusa khofu. Lakini tazama pia lile vazi: nguo nzito ya msafiri.

Wakati huo sufu haikuwa nguo ya fahari. Ibn Abbas (r.a.), katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, anaeleza asili ya kuoga siku ya Ijumaa. Watu walikuwa maskini, wakivaa sufu na kubeba mizigo migongoni. Msikiti ulikuwa mdogo na paa lake lilikuwa chini. Siku moja ya joto wakatokwa na jasho ndani ya sufu zao mpaka wakaudhiana kwa harufu, ndipo Mtume akawaamrisha waoge na wajipake manukato. Kwa hivyo sufu ilivaliwa kwa haja. Baadaye wacha Mungu wengine waliichagua kuwa alama ya kuipa dunia mgongo, na wanavyuoni wengi wanasema jina "sufi" limetoka hapo.

Lugha yetu nayo ina ushahidi. "Sufu" ni neno la Kiarabu, na "joho" na "bushuti", mavazi ya heshima ya pwani, yalikuwa asili yake nguo za sufu.

MATABIBU WALISEMA NINI?

Katika karne ya kwanza Miladi, tabibu Mgiriki Dioscorides aliandika kitabu kikubwa cha dawa. Humo alitaja sufu isiyooshwa, ikichovywa katika siki na mafuta, kuwa ni ya kuwekwa juu ya majeraha na mahali palipopondeka. Alitaja pia mafuta yanayotoka kwenye sufu yenyewe. Kitabu hiki kilifasiriwa kwa Kiarabu mjini Baghdad katika karne ya 9 na Istifan bin Basil, na kazi yake ikasahihishwa na Hunayn bin Ishaq. Kwa njia hiyo elimu hii ikaingia kwa matabibu wa Kiislamu. Na yale mafuta ya sufu hayakupotea. Mwaka 1882 Wajerumani wawili waliyasafisha wakayaita lanolini, na leo yamo ndani ya mafuta mengi ya kujipaka.

Kwa nini sufu inatia joto? Mwaka 1792 mwanasayansi Benjamin Thompson, maarufu kama Count Rumford, alieleza kwamba siri ni hewa. Nywele za kondoo zimejikunja, na katikati ya mikunjo hiyo hewa inanaswa na kutulia. Hewa iliyotulia haipitishi joto upesi, basi joto la mwili wako linabaki kwako. Tena sufu inaweza kunyonya unyevu hadi karibu asilimia 30 ya uzito wake kabla hujahisi kuwa imelowa, na inaponyonya hutoa joto kidogo.

WALIPOPITA MPAKA

Ulaya, kwa miaka mingi, mtu mwenye baridi yabisi aliambiwa avae flana ya sufu karibu na ngozi. Nasaha hiyo haikuwa mbaya. Lakini mwaka 1880 Gustav Jaeger, profesa wa elimu ya wanyama huko Stuttgart, Ujerumani, akaja na makubwa. Alisema ati nguo za pamba na kitani zinadhuru mwili, na mtu avae vinavyotoka kwa wanyama tu, hata shuka za kitanda ziwe za sufu! Mwaka 1884 duka la nguo hizo likafunguliwa London, na mwandishi mashuhuri George Bernard Shaw akawa miongoni mwa waliozivaa.

Kosa liko wapi? Alichukua neema akaigeuza kuwa dawa ya kila kitu. Pamba haimdhuru mtu, sisi wa pwani ni mashahidi.

Sayansi ya leo iko karibu zaidi na nyanya. Joto hulegeza misuli iliyokaza na kumpa mgonjwa nafuu. Mwaka 2009 watafiti wa Uturuki walichapisha utafiti mdogo juu ya wagonjwa wa faibromialjia, yaani maumivu ya misuli mwili mzima, na waliovaa sufu walieleza kupata nafuu. Lakini nafuu si kupona. Sufu haiponyi kiungo kilichoharibika, na goti likivimba na kuwa moto, hospitali ndiyo njia.

KIJANA, HILI LINAKUHUSU

Usidhani ni habari za wazee tu. Wako watoto wetu, hasa Pwani, Nyanza na Magharibi, wenye ugonjwa wa selimundu, au sikoseli kama wengi wanavyouita. Baridi ni mojawapo ya mambo yanayoweza kuamsha maumivu yao makali. Mtoto kama huyo anapelekwa shule ya bweni nyanda za juu na sweta moja jembamba la nailoni! Mwenzako akiomba kubaki na sweta darasani au akikataa kuoga maji baridi, usimcheke kama sisi tulivyomcheka nyanya.

Sufu si lazima iwe ghali. Iko kwenye mitumba, ila uijue. Tazama lebo, au alama ya Woolmark iliyoanzishwa mwaka 1964, iliyo kama donge la uzi. Kama lebo imekatwa, chomoa uzi mmoja ukauchome. Sufu hunuka kama nywele na kubaki majivu yanayosagika, na akriliki huyeyuka ikawa donge gumu. Ioshe kwa maji ya vuguvugu, usiikamue kwa nguvu, ianike ikiwa imelazwa. Ikikuwasha, vaa fulana ya pamba ndani.

Idi inakuja na sote tutanunua nguo mpya. Mnunulie na nyanya yako shali ya sufu, au umtafutie sweta mtoto yule wa jirani. Nyanya yetu hayuko tena. Ile shali iko, na mama sasa ndiye anayeifunga gotini. Hakuna anayecheka.

Wabillahi tawfiq.