Uzito wa Nafasi Ndogo: Thelma Ritter na Kipimo cha Mwigizaji Msaidizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili humpima mhusika kwa mizani mbili. Ya kwanza hutazama nafasi aliyopewa katika hadithi, ikamwita mkuu au msaidizi. Ya pili hutazama kina cha utu wake, ikamwita bapa iwapo habadiliki tangu mwanzo hadi mwisho, duara iwapo hukua na kugeuka kadiri mambo yanavyomfika, au shinda iwapo yuko katikati na huwategemea wengine ili aeleweke. Mizani hizi hazina budi kutenganishwa, kwa kuwa mhusika anaweza kuonekana kwa dakika chache tu na bado akabeba maarifa, maamuzi au majuto ambayo hadithi nzima inayategemea. Tasnia ya filamu ya Marekani, katika zama ambazo studio chache kubwa za Hollywood ziliwafunga waigizaji kwa mikataba ya muda mrefu na kuwapangia kazi, ilizichanganya mizani hizo na kuuchukulia ufinyu wa nafasi kuwa ni udogo wa sanaa yenyewe. Kazi ya Thelma Ritter inaudhihirisha mchanganyiko huo waziwazi.

Ritter alikuwa mwigizaji wa wahusika, yaani yule anayeajiriwa kwa uwezo wa kuumba watu wa namna mbalimbali, wenye umri, lafudhi, kazi na tabia zinazotambulika, tofauti na nyota, ambaye sura na haiba yake ndizo bidhaa inayouzwa na ambaye watazamaji humtarajia awe yuleyule katika kila filamu. Alizaliwa Brooklyn, New York, mwaka 1902, akasomea uigizaji katika American Academy of Dramatic Arts, akafanya kazi jukwaani, kisha akapumzika ili kulea watoto wake kabla ya kurudi kupitia michezo ya redio katika miaka ya 1940. Redio haikumwongezea umaarufu mkubwa, lakini ni vigumu kuisikiliza sauti yake ya mkwaruzo, inayojua mahali pa kukatiza sentensi ili neno la mwisho litue, bila kuhisi kwamba ilinolewa mahali ambapo uso hauna msaada wowote. Filamu yake ya kwanza, Miracle on 34th Street, ilitoka mwaka 1947 akiwa na umri wa miaka 45. Aliigiza mama aliyechoka kuzunguka madukani akitafuta gari la zimamoto la kuchezea la mtoto wake, na jina lake halikuorodheshwa miongoni mwa waigizaji.

Miaka 3 baadaye, katika All About Eve ya mwandishi na mwongozaji Joseph L. Mankiewicz, alipewa nafasi ya Birdie, mwanamke aliyewahi kuwa msanii wa majukwaa ya vichekesho na ambaye sasa anamvalisha na kumhudumia mwigizaji mashuhuri Margo Channing, anayeigizwa na Bette Davis. Msichana Eve anapoingia katika chumba cha kuvalia na kusimulia mikosi ya maisha yake, waliomo wote wanalainika, na Birdie mwenyewe kwanza anatoa neno la mzaha lenye huruma ndani yake, kisha, baada ya kukaripiwa na Margo, anaomba radhi. Sanaa ya Ritter imejificha katika radhi hiyo, kwa sababu anaitoa kwa dhati na wakati huohuo anaacha jicho lake libaki kwa yule mgeni kwa muda mrefu kidogo kuliko adabu inavyodai. Baadaye, Margo anapomuuliza kwa nini hampendi Eve, Birdie anamjibu, kwa sauti ya mtu anayesema jambo la kawaida la nyumbani, kwamba binti huyo anamsoma Margo kama mtu anayesoma tamthilia au ramani ya kujengea, akijifunza namna anavyotembea, anavyokula na anavyofikiri. Siri ya filamu nzima imetamkwa hapo, na imetamkwa na mtumishi, aliyeigundua mapema kuliko watu walioelimika na wenye vyeo waliomzunguka. Kisha hadithi inaendelea na Birdie anatoweka, na haonekani tena hata pale ukweli wake unapothibitishwa mbele ya wote. Kutoweka huko ni kasoro ya muundo, na ni kasoro yenye maana, kwa kuwa inaonyesha jinsi msimulizi anavyoweza kuyatumia maarifa ya mtu wa chini bila kumlipa kwa nafasi.

Mwongozaji Samuel Fuller hakulirudia kosa hilo. Katika Pickup on South Street ya mwaka 1953, Ritter ni Moe, mwanamke mzee anayeuza tai mitaani na kuwauzia polisi habari za wezi wa mifukoni, akijadiliana bei bila haya, ilhali fedha anazopata anaziweka akiba ya mazishi, maana hofu yake kubwa ni kuzikwa katika makaburi ya mafukara. Mhusika wa namna hii angeweza kubaki bapa, kichekesho cha kupitisha muda kati ya mapigano. Ritter anamgeuza duara katika onyesho moja tu: Moe anarudi chumbani kwake usiku akiwa hoi, anakaa kitandani, santuri inapiga, na mtu mwenye bastola anamdai anwani ya kijana ambaye Moe anampenda kama mwanawe. Anakataa. Mwanamke ambaye maisha yake yote ameuza habari anakutana na habari isiyouzwa, na mwigizaji haitumii nafasi hiyo kulia wala kupaza sauti. Anasema kwa utulivu kwamba amechoka, mabega yakishuka, viungo vikiachiliwa kimoja kimoja, hadi uchovu wenyewe unakuwa ujasiri. Kamera inamwacha na kugeukia santuri, na mlio wa risasi unasikika. Hakuna onyesho jingine katika filamu hiyo, pamoja na ngumi na ujasusi wake wote, linalokaribia uzito huo.

Katika Rear Window ya Alfred Hitchcock, mwaka 1954, muuguzi Stella, anayeigizwa na Ritter, anaanza kwa kumkemea mgonjwa wake kwa kuwachungulia majirani, na hatimaye anachungulia yeye mwenyewe, akikisia kwa sauti namna maiti ilivyokatwakatwa huku mgonjwa akishindwa kula kifungua kinywa. Mgeuko wa maadili ya mtazamaji yeyote wa filamu umo katika safari hiyo fupi.

Pingamizi linaweza kutolewa kwamba Ritter alirudia umbo moja, la mwanamke wa tabaka la wafanyakazi mwenye ulimi mkali na moyo laini. Pingamizi hilo lina ukweli, na lawama yake inaziangukia studio zilizompangia kazi. Hata hivyo Birdman of Alcatraz ya mwaka 1962 inalijibu kwa sehemu kubwa: mama wa mfungwa Robert Stroud anaanza kwa kupigania uhai wa mwanawe kwa kila njia, kisha, mwana anapompenda mwanamke mwingine, upendo ule unageuka kuwa umiliki baridi, na Ritter anaucheza ubaridi huo kwa sauti na uso uleule uliozoeleka kuleta faraja.

Akademia inayotoa tuzo za Oscar ilianzisha daraja la mwigizaji msaidizi kwa filamu za mwaka 1936, na kwa miaka ya mwanzo washindi wake walipewa vibao badala ya sanamu kamili, jambo linaloonyesha thamani iliyokusudiwa. Ritter aliteuliwa katika daraja hilo mara 6, zikiwemo 4 mfululizo kwa filamu za mwaka 1950 hadi 1953. Uteuzi wa pili ulikuwa wa The Mating Season, ambamo anaigiza mama anayedhaniwa na mkwewe kuwa mpishi na kukubali kubaki jikoni ili asimwaibishe mwanawe. Hadithi hiyo ni yake kwa kila kigezo cha usimulizi, lakini kwa kuwa Gene Tierney na John Lund ndio walioitangaza filamu, aliwekwa miongoni mwa wasaidizi.

Jukwaa la Broadway lilimpima vingine. Mwaka 1958, kwa tamthilia ya muziki New Girl in Town, iliyotokana na Anna Christie ya Eugene O'Neill, alipata tuzo ya Tony ya mwigizaji bora wa kike katika daraja la waigizaji wakuu, akifungana na Gwen Verdon. Verdon aliigiza Anna mwenyewe, na Ritter aliigiza Marthy, mwanamke mlevi wa bandarini. Shujaa wa hadithi na mwanamke wa pembeni walisimama sawa kwa sababu waamuzi walitazama kazi iliyofanyika, na hicho ndicho kipimo ambacho wahakiki wa filamu wanapaswa kukitumia popote pale, hata wanapoandika kuhusu waigizaji wa Afrika Mashariki ambao majina yao huja mwishoni mwa orodha. Ritter alifariki mwaka 1969. Hakuna mwanamke aliyeteuliwa mara nyingi kuliko yeye katika daraja la mwigizaji msaidizi wa Oscar, na hakushinda hata mara moja.