Namba za Watu na Namba za Bidhaa katika Biashara Street

Biashara Street, mtaa wa maduka ya leso na vikoi unaopakana na Digo Road katika kisiwa cha Mombasa, huandikwa zaidi katika historia ya nguo, ingawa una nafasi yake pia katika historia ya uhakiki, yaani kazi ya kupima kama alama, jina au namba aliyoileta mtu inastahili kukubaliwa. Sehemu kubwa ya kazi hiyo sasa hufanywa na programu za kompyuta katika simu na mashine za kodi zilizo juu ya kaunta, na miongoni mwa waandishi wa programu ipo desturi ya kuonyeshana kwa kicheko msimbo mbovu wa kuhakiki namba za vitambulisho, msimbo ukiwa ni yale maagizo yanayoandikwa kwa lugha ya kompyuta. Mmoja ameandika masharti mia pale ambapo sharti moja lingetosha. Mwingine ameihifadhi namba kana kwamba ni hesabu ya kujumlishwa, hata sifuri iliyotangulia ikapotea. Wa tatu amepima urefu wa namba tu, akaridhika. Kicheko hicho kina haki yake, lakini hulenga ustadi wa mwandishi, ilhali mara nyingi kosa lenyewe ni la historia: mwandishi hakujua namba zilianza kutolewa lini, zilitolewa kwa nani, na nani aliachwa nje ya daftari.

Katika mtaa huu bidhaa zilitangulia watu kuhakikiwa. Kampuni ya Kaderdina Hajee Essak, iliyoanzishwa mwaka 1887 na ambayo duka lake limo humu humu mtaani, ilichapa kwenye leso zake maneno “K.H.E. – Mali ya Abdulla”, ili mnunuzi atambue mali imetoka kwa nani. Mnunuzi mzoefu, hata hivyo, hakuishia kwenye maneno hayo: aliishika leso kwa vidole kupima uzito wa pamba, akaigeuza kuona kama rangi imepenya hadi upande wa pili, akatazama pindo lilivyopangika kuuzunguka mji, yaani uwanja wa katikati, kisha akasoma jina, ule msemo uliochapwa chini yake. Alama huigwa upesi kuliko kitambaa. Kwa hiyo mtaa ulikuwa tayari na elimu ya kutenganisha maswali mawili ambayo msimbo mbovu huyachanganya: kama kitu kina umbo linalotakiwa, na kama kweli ndicho.

Namba za watu zilikuja na dola ya kikoloni, tena kwa ukali. Sheria ya kuandikisha wenyeji iliyopitishwa mwaka 1915, na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ilimlazimu kila mwanamume Mwafrika aliyefikia umri wa miaka 16 kubeba kipande, hati yenye alama za vidole na kumbukumbu za kazi alizofanya, ambayo ilitiwa katika kikebe cha chuma na kuvaliwa shingoni. Mwajiri asipotia sahihi kwamba amemwachilia mfanyakazi, mfanyakazi huyo alihesabiwa kuwa mtoro, naye asingeweza kuajiriwa kwingine kihalali. Kipande hicho kilikuwa miongoni mwa malalamiko makuu ya Harry Thuku, mwanasiasa aliyepinga utawala wa kikoloni, kabla ya kukamatwa kwake mwezi Machi 1922. Mombasa ilikuwa na tatizo lake la pekee, kwa kuwa serikali iliwagawa watu katika wenyeji na wasio wenyeji, na Waswahili wa Thenashara Taifa, yaani yale makabila kumi na mawili ya mji, walipigania kwa miaka mingi wasitiwe katika fungu la kwanza. Mwarabu au Mhindi aliyeuza leso hakuvaa kikebe, ilhali mchukuzi aliyembebea marobota alikivaa. Sharti la kwanza la uhakiki, basi, liliutangulia usomaji wa namba yoyote: lilikuwa ni kuamua mtu aliyesimama pale ni wa fungu gani.

Sheria ya 1947 iliondoa ubaguzi huo wa rangi katika uandikishaji, lakini iliendelea kuwahusu wanaume peke yao, na ni mwaka 1978 tu ndipo wanawake wa Kenya walipoingizwa katika daftari la vitambulisho. Jambo hili lina uzito wake katika mtaa ambao wateja wake wakuu wa leso ni wanawake, kwa maana kwa miongo mingi mtu aliyekuwa na pesa mkononi na neno la mwisho kuhusu bidhaa hakuwa na namba yoyote mbele ya dola. Namba zenyewe zilitolewa kwa mfululizo, zikirefuka kadiri walioandikishwa walivyoongezeka, ndiyo maana wazee wengi wana tarakimu 7 au pungufu, na vijana wana 8. Mwandishi wa programu aliyetazama kitambulisho chake mwenyewe, akaandika sharti kwamba namba lazima iwe na tarakimu 8, amewafuta wazazi wake pasipo kukusudia. Mwaka 2019 mkasa wa namna hiyo hiyo ulizikuta namba za simu, pale zilipoanza kutolewa namba zinazotangulizwa na 01. Kila fomu iliyoandikwa kudai 07 iligeuka kuwa na kosa siku hiyo, ingawa hakuna aliyeigusa.

Dawa mojawapo ya makosa ya kunakili ni tarakimu ya ukaguzi, yaani tarakimu inayoongezwa mwishoni mwa namba na ambayo thamani yake hutokana na zile zilizoitangulia. Hans Peter Luhn, mhandisi wa kampuni ya IBM nchini Marekani, aliomba hataza ya kifaa cha mkononi cha kuikokotoa mwaka 1954, akaipata mwaka 1960, na kanuni yake ndiyo inayotumika hadi leo katika kadi za benki na katika namba za utambulisho wa simu za mkononi. Kanuni hiyo hunasa kila kosa la tarakimu moja, na karibu kila kosa la kupishanisha tarakimu mbili jirani, isipokuwa 0 na 9. Bidhaa za dukani zina kanuni nyingine: katika msimbo wa mistari wenye tarakimu 13, kila tarakimu huzidishwa kwa 1 au kwa 3 kwa zamu, na ya mwisho huchaguliwa ili jumla igawanyike kwa 10. Hapa Kenya ilipata bahati ya kuchekesha, kwa kuwa kiambishi ilichopewa ni 616, na kanuni hiyo haioni kupishana kwa tarakimu jirani zilizotofautiana kwa 5. Tarakimu 6 na 1 za mwanzo huleta 6 na 3, jumla 9. Zikipishanishwa huleta 1 na 18, jumla 19. Tofauti ni 10 kamili, na mashine hupokea namba ya uongo bila kusita.

Namba ya kitambulisho cha Kenya, ikiwa ni ya mfululizo, haijifichui hata kwa kiasi hicho. Wakala wa M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu iliyoanza mwaka 2007, aliyeandika kwa kalamu namba ya kitambulisho cha mteja katika daftari lake, hakuwa na njia ya kujua kama tarakimu moja imekosewa, ila kwa kuitazama kadi yenyewe na uso wa aliyeileta. Namba ya mlipa kodi ina umbo zaidi, kwani ni herufi moja, tarakimu 9, na herufi nyingine, ya kwanza ikiwa A kwa mtu binafsi na P kwa kampuni, na muuzaji wa jumla hutakiwa kuiandika kwenye ankara ya kielektroniki mnunuzi anapoihitaji kwa hesabu zake. Ng’ambo ya mpaka, kitambulisho cha taifa cha Tanzania kina tarakimu 20 zinazoanza na mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa, hivi kwamba mashine inaweza kuikataa tarehe 30 Februari. Lakini mfanyabiashara wa Tanga aliye na kadi hiyo akikutana mjini Mombasa na fomu inayojua tarakimu 8 pekee, anaonekana hana namba kabisa.

Ndiyo sababu taasisi kubwa za Kenya zimeacha kutegemea umbo, na badala yake huuliza daftari la serikali lenyewe kama namba imo na jina gani limeandikwa dhidi yake. Njia hii ni bora kwa mwandishi wa programu, kwa maana inamwondolea kazi ya kukisia, lakini inarudisha swali la kale la fungu. Waombaji wengi wa vitambulisho wa Pwani, Waswahili, Waarabu na Wahindi wakiwamo, kwa miaka mingi walihojiwa na kudaiwa ushahidi wa nasaba ambao waombaji wengi wa bara hawakudaiwa. Wakenya wenye asili ya Asia, ambao baadhi ya mababu zao walifanya biashara Mombasa kabla reli ya Uganda haijaanza kujengwa mwaka 1896, walitambuliwa rasmi kuwa kabila la 44 mwezi Julai 2017; Wapemba wa Kwale na Kilifi walisubiri hadi 2023. Kwa asiyekuwamo katika daftari, msimbo ulioandikwa vizuri kuliko yote hutoa jibu lile lile ambalo ungetoa msimbo mbovu.