Idgah na Kafan
Idgah na Kafan ni hadithi fupi mbili za Premchand (1880–1936), mwandishi wa Kihindi na Kiurdu aliyezaliwa Lamhi, karibu na Varanasi, India. Katika *Idgah*, yatima Hamid ana paisa 3 za sikukuu ya Idi. Badala ya peremende na midoli ya udongo, anamnunulia bibi yake Amina koleo, kwani huungua vidole akipika chapati. Katika *Kafan*, Ghisu na mwanawe Madhav wanachangiwa fedha za sanda ya Budhiya, mke wa Madhav aliyefariki kwa uchungu wa uzazi, wakazimalizia kwenye pombe na chakula. Katika ya kwanza ufukara unakuza huruma. Katika ya pili unaiua. *Kafan* ni miongoni mwa kazi zake za mwisho.